Mti Uliozama kwenye Ndoo ya Mama Mboga

Hapa Dandora, Nairobi, hakuna mtu anayekosa mpira kwa sababu hajui kucheza pool. Akikosa, fimbo imepinda. Fimbo ikiwa haijapinda, ngozi ya ncha imelika. Ngozi ikiwa nzima, basi chaki ni ile ya darasani, na chaki ya shule, kila mtu anajua, haishiki. Nimemwona baba wa watoto akiukosa mpira mweusi uliokuwa umekaa mdomoni mwa shimo, ukisubiri kusukumwa tu, kisha akaigeukia fimbo na kuitazama jinsi unavyomtazama mpwa uliyemlipia karo miaka minne akakuletea alama ya D. Hakusema neno. Aliirudisha ukutani taratibu, akatoa shilingi 20 za mchezo aliopoteza, akatoka nje kuvuta hewa, kama ile yetu inaweza kuitwa hewa.

Haki yake apewe lakini, fimbo huwa imepinda kweli. Katika vibanda vyetu fimbo ya pool inaishi maisha magumu. Mchana inaegemezwa kwenye mabati yanayochemka. Usiku inaachwa palepale, na mvua za Machi zikianza, mabati yaleyale yanatokwa na jasho. Mti hunywa unyevu na kuutema. Ukinywa hutanuka, ukitema husinyaa. Upande uliolalia ukuta hunywa kivyake, upande uliotazama wachezaji kivyake, na ikifika Juni unacho kifaa cha kurushia mishale. Ipo moja pale Phase 4 ambayo vijana wanaiita Kona. Wanadai inaweza kuupata mpira uliojificha nyuma ya mwingine bila mpigaji kujisumbua kuzunguka meza.

Sehemu nyingine ni za kuungaunga. Kile kipete cheupe kinachoshika ngozi mbele kikipasuka, tunakata kipande cha bomba la maji. Ngozi ikibanduka inarudishwa kwa supaglu, na mara nyingi kidole cha mbandikaji kinakwenda pamoja nayo. Kwenye kitako, pale palipokuwa na mpira wa kuzuia mshindo, utakuta kisigino cha ndara.

Sasa jirani yangu ni seremala. Anatengeneza vitanda, kabati za televisheni, na majeneza mambo yakiharibika. Fimbo za pool alianza kutengeneza kwa sababu ya hasira. Alikuwa amechonga moja kwa saipresi, akaiuza kwa kibanda, na baada ya masika kinyozi wetu akaishika, akaipima kwa jicho moja, akauliza mbele ya watu, "Fundi, hii ulichonga au ulisuka?" Watu wakacheka. Fundi hakucheka. Usiku huo alinigongea mlango kuuliza kama kuna mti duniani usiopinda. Mimi ndiye mwenye simu yenye bando, kwa hiyo mambo ya duniani huletwa kwangu.

Mti huo upo, nikamwambia, ila haukui shambani. Huchukuliwa mapande membamba ya mti, kwa kawaida ile miti ya Ulaya iitwayo kwa Kiingereza beech au birch, yakaloweshwa rezini, yakapangwa tabaka juu ya tabaka, kisha yakakandamizwa kwa mashine yenye joto na nguvu kubwa mpaka matundu yote ambayo mti ulikuwa unanywea maji yakazibwa. Kinachotoka kina ugumu wa kutisha. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili Waingereza walikuwa wakiutumia kwenye panga za ndege za kivita. Baadaye ukafungwa chini ya matumbo ya magari ya Formula 1. Tangu 1994, mwaka aliokufa Ayrton Senna kule Imola, kila gari hutakiwa kuwa na ubao wa unene wa milimita 10 chini yake, na ukilika zaidi ya milimita moja dereva anafutwa. Oktoba 2023 Lewis Hamilton alimaliza wa pili kule Austin, Marekani, akapokonywa nafasi hiyo kwa sababu ya ubao huo.

Fundi alisikiliza yote, kisha akauliza swali moja. "Kwa hiyo Hamilton naye alisema ni ubao?"

Nilipoendelea kusoma niligundua kwamba rezini na mchezo huu ni watu wa ukoo mmoja, na kwamba sisi wa Afrika Mashariki tumo katika ukoo huo bila kualikwa kwenye harusi. Mipira ya zamani ilikuwa ya pembe za ndovu. Pembe zilibebwa mabegani kutoka Ujiji na Tabora mpaka Bagamoyo, zikavushwa Unguja, zikauzwa Marekani na Ulaya, ili mabwana wenye visibau wapate kitu cha kugonga baada ya chakula. Vipete vya fimbo pia vilikuwa vya pembe. Miaka ya 1860, pembe zilipopanda bei, kampuni moja ya New York ikatangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayebuni mbadala. John Wesley Hyatt akaja na seluloidi. Tatizo lilikuwa dogo tu: seluloidi hushika moto upesi, na mipira ikigongana kwa nguvu ilikuwa inaweza kutoa mlio wa fataki. Hyatt mwenyewe alisimulia baadaye kwamba mwenye baa mmoja wa Colorado alimwandikia kuwa yeye binafsi mlio haumsumbui, ila kila ukitokea wanaume wote ukumbini huchomoa bastola.

Nilimsomea fundi kipande hicho polepole. Tulikaa kimya tukiwaza mlio kama huo Ijumaa usiku, hapa kwetu. Mchezo ungebaki na mshindi mmoja, naye angekuwa chini ya meza.

Kisha mwaka 1907, Mbelgiji aliyehamia Marekani, Leo Baekeland, akapika fenoli na fomaldehaidi akapata rezini isiyoyeyuka tena ikishaganda. Mpaka leo mipira mizuri ya pool hutengenezwa kwa rezini ya ukoo huo, na kiwanda kinachosifika zaidi kwa kazi hiyo kiko Ubelgiji. Rezini hiyohiyo ikiloweshwa kwenye karatasi unapata kitu cha jamaa ya fomaika, ile ya meza za hoteli unazofutia kwa kitambaa chenye maji ya jana. Ikiloweshwa kwenye mti, unapata ubao kama ule wa Formula 1. Serikali yetu ilichoma tani 12 za pembe mwaka 1989 na tani 105 mwaka 2016 pale Mbuga ya Nairobi, na kwa hesabu za fundi, hiyo ilikuwa njia ndefu sana ya kumwambia atumie rezini.

Ubao wa Formula 1 hauuzwi Gikomba. Kinachopatikana, tena kwa wingi, ni marini bodi. Eastlands yote inapanda juu ghorofa kwa ghorofa, na kila slabu inamwagwa juu ya marini bodi, zile mbao za rangi ya kahawia zinazong'aa. Ni mapande membamba ya mti yaliyounganishwa kwa gundi ya rezini isiyoogopa maji, na ule mng'ao wa juu ni rezini vilevile. Zikishamwagiwa zege mara kadhaa hutupwa, zinakuwa uzio au banda la mbwa. Fundi akanunua vipande, akavipanga, akavibana kwa gundi nyingine, akapata gogo lenye mistari mizuri kweli. Hata mimi niliingiwa na tamaa. Nikawekeza shilingi 1,500.

Alilipeleka Kariobangi Light Industries kwa bwana mwenye mashine ya kukereza vyuma. Bwana huyo kazi yake ni shafti za posho mili. Mti alikuwa hajawahi kuletewa. Akaufunga, akawasha, kisu kikagusa. Ile gundi ya rezini ni ngumu kuliko mti unaoushika, na katikati kulikuwa na saruji iliyoganda pamoja na msumari wa mjenzi fulani asiyejulikana. Kisu kililia. Vumbi la kahawia likatanda, tukaanza kupiga chafya kwa zamu, mwenye mashine akapiga yake akiwa ameshika wenzo, na gogo likaruka likatua kwenye kibanda cha mlango wa pili. Hakuna aliyeumia. Kisu tulilipia, tena kwa pesa zangu.

Fimbo ikatoka lakini. Nyembamba mbele, nene nyuma, mistari yake imepanda na kushuka mithili ya michoro ya kanga. Tukaipeleka mezani. Kinyozi ndiye aliyepewa heshima ya kufungua mchezo. Akavuta mkono nyuma, akapiga kwa nguvu zote alizoziweka akiba tangu Jumatatu, na fimbo ikakatika shingoni kwa mlio uliomfanya kila mtu ainame. Marini bodi hupangwa tabaka moja nyuzi zikienda mbele, la pili zikienda pembeni. Kwa slabu hiyo ni nguvu. Kwa kijiti chenye unene wa kidole ina maana nusu ya mti wako haina kazi hata kidogo. Ncha ilipaa, ikapita dirishani, ikaingia kwenye karai la mama wa chapati. Mama alikuja nayo mkononi ikichuruzika mafuta, akauliza ni ya nani. Mezani palikuwa na wanaume wanane, na ghafla wote walikuwa wapita njia.

Hapo fundi akaamua kupika rezini mwenyewe. Mafundi wa visu huko ng'ambo huloweka mti kwenye rezini ndani ya chombo, wanavuta hewa yote itoke, hewa iliyomo kwenye matundu ya mti inatoka kwa viputo, na ukiirudisha hewa, rezini inasukumwa ndani. Wao wana mashine ya kazi hiyo. Fundi alikuwa na sufuria ya presha, na rafiki yake fundi wa friji alikuwa na kompresa iliyong'olewa kwenye friji ya marehemu. Ile kompresa ukiiunga mpira kwenye mdomo wake wa kuvutia, inavuta hewa badala ya kusukuma. Rezini tulinunua Industrial Area, ile wanayotumia wanaoumba spoila za matatu, pamoja na kichupa cha hadena.

Sufuria, nilikuja kujua baadaye, ilikuwa ya mke wake.

Kazi hii inataka rezini ya aina yake, isiyoganda mpaka itiwe kwenye oveni. Ya spoila inaganda yenyewe ikishachanganywa na hadena, na hadena ikizidi hupata moto, na moto ukiongezeka inaganda upesi zaidi, na inavyoganda ndivyo inavyozidi kuchemka. Fundi alikuwa na haraka, kwa hiyo alitia hadena ya watu watatu. Tulipowasha kompresa, rezini ikafura povu, povu likapanda kwenye mpira, likaingia kwenye kompresa, na kompresa ikasema "kh" ikanyamaza milele. Sufuria ikaanza kutoa moshi mweupe, wenye harufu ya kiwanda cha rangi kilichokasirika. Mahali pengine popote Nairobi watu wangekuja na ndoo za mchanga. Sisi tuna jaa lililokuwa likifuka moshi tangu kabla baadhi yetu hatujazaliwa. Moshi wetu ulipanda, ukakutana na ule wa jaa, ukapokewa, na hakuna aliyeinua kichwa.

Kilichobaki ni sufuria iliyojifunga. Mfuniko, rezini na vipande vya mti vilikuwa kitu kimoja. Ukiitikisa haitoi sauti. Mke wa fundi alifika jioni na nusu kilo ya maharagwe, akaiinua, akauona uzito wake, akaiweka chini kwa adabu ambayo ilinitia hofu.

"Baba Watoto," akasema, "haya maharagwe niyapike kwenye nini? Au nichemshe hizo fimbo tule na ugali?"

Niliaga. Kuna mazungumzo ambayo jirani hapaswi kuyasikia, hata kama ukuta ni wa mabati na atayasikia tu.

Mtu mwingine angeacha. Fundi alikwenda kwa wauza vyuma chakavu, na huko ndiko alikoupata mti wenyewe, ule wa kweli. Ndani ya transfoma kubwa za umeme kuna vipande vya mti uliokandamizwa na rezini, vinavyoshikilia nyaya zisicheze, kwa sababu mti huo unavumilia mafuta ya moto na haupitishi umeme ovyo. Kiwanda kimoja kilikuwa kimeuza mitambo yake mikuukuu kwa mnada, muuza chakavu ana stakabadhi zote, na tangu biashara ya chakavu ilipopigwa marufuku kwa muda Januari 2022 kwa sababu ya wizi wa vyuma vya nguzo za stima, hakuna mwenye akili anayeuza bila stakabadhi. Fundi alilipa, akafunga kipande chake kwenye gunia, akapanda matatu. Stakabadhi akaziacha kaunta.

Aliposhuka tu, stima zikapotea mtaa mzima.

Hebu mfikirie. Ni saa moja jioni, giza, watu wamesimama milangoni wakisonya, na anapita mwanamume mwenye gunia zito linalonuka mafuta ya transfoma. Mama mboga ndiye aliyesikia harufu kwanza, kwa sababu pua yake ni ya kazi. "Fundi," akasema, "umebeba nini?"

"Mti, mama."

"Mti gani unanuka stima?"

Neno hilo lilisafiri kuliko lilivyostahili. Watu wakasogea. Tochi za simu zikawaka. Gunia likafunguliwa, na ndani kukaonekana kitu cha rangi ya hudhurungi, kizito, kilichokatwa pembe kali, ambacho kwa haki hakikufanana na mti wowote uliowahi kuota Kenya. Fundi akaapa kuwa ni mti. Kijana mmoja mwenye elimu ya kidato cha nne akasema jambo hilo ni jepesi kupima, mti huelea. Akakichukua akakitia kwenye ndoo ya mama mboga, ile anayonyunyizia sukuma wiki.

Kikazama. Hata hakikusita. Kila sentimita moja ya ujazo wa mti huo ina uzito wa gramu 1.3 hivi, na maji yana gramu moja, kwa hiyo hapakuwa na mjadala. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi Mombasa akasema hata mpingo huzama. Akaambiwa hakuna mpingo Dandora. Mimi nikajipenyeza na simu yangu, nikaanza kuwasomea habari za Formula 1, na ninavyokumbuka sura zao, hazikuwa sura za watu wanaoguswa na habari za Lewis Hamilton.

Aliyetuokoa ni mama mboga mwenyewe. Alimulika ndoo yake, akaona mafuta yanaelea juu ya maji, akauliza kwa sauti kubwa nani atalipia sukuma zilizokuwa pembeni na nani atamnunulia ndoo nyingine. Sijawahi kuona umati ukiyeyuka upesi hivyo. Kijana wa kidato cha nne alikumbuka kuna mtu anamsubiri. Stima zilirudi asubuhi, na transfoma ya mtaa ilikuwa juu ya mlingoti wake, nzima, ikivuma. Ndoo nililipa mimi.

Fundi alifunga kipande kile nyuma ya fimbo ya mbele iliyotoka kwenye mtumba, ya Uingereza. Kishikio akakiacha kinene, kwa sababu kitu cha bei namna ile hukipigi msasa mpaka kiishe. Nikashauri tuipime. Mizani ya karibu ilikuwa ya bucha. Fimbo ya kawaida ina gramu 550 hivi. Yetu ilikaribia 800. Mwenye bucha aliangalia mizani, akaangalia fimbo, akauliza tunataka ya kukaanga au ya kuchemsha.

Kwa hiyo akarudi kufanya kile ambacho watengeneza fimbo wengi wa Marekani na Uingereza wamekuwa wakikifanya kwa miaka mingi. Hawatengenezi fimbo nzima kwa vitu vya rezini. Wanavitumia pale tu panapogongwa na panapolegea: kipete cha mbele, kola ya pale vipande viwili vinapoungana, na bamba la kitako. Sehemu ya mbele inabaki mti wa kawaida, kwa sababu mti wa kawaida una mnepo, na mkono unautaka mnepo huo. Mti wa transfoma ukabaki kola na kitako, na kipete kikatoka humohumo. Fimbo ikatulia kwenye uzito wake. Ilikuwa nzuri. Ukiishika unasahau kwamba iko mkononi.

Usiku wa kuizindua kibanda kilijaa. Mwenye meza alinunua chaki halisi, ya bluu. Kinyozi akapewa tena nafasi ya kwanza, sijui kwa nini, labda kwa sababu bado alikuwa na nguvu za Jumatatu. Alicheza vizuri mwanzoni. Kisha ukabaki mpira mweusi na shimo la pembeni, njia nyeupe, hakuna kizuizi. Akapiga. Ukagonga ukingo, ukarudi kumsalimia.

Kibanda kizima kikageuka kuitazama fimbo. Kinyozi akailaza mezani akaiviringisha. Ilikwenda hadi upande wa pili kimya, bila kuruka hata mara moja. Akakagua ngozi ya ncha. Mpya. Akaikagua chaki, pande zote sita. Ukimya uliofuata ulikuwa mzito, na nikaona jasho likimtoka mwanamume ambaye kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na pa kujificha.

Kisha akachuchumaa, akafumba jicho moja, akaitazama meza kwa muda mrefu.

"Meza imelala," akasema. "Imelalia upande wa choo."

Mwenye meza alichukia, akamtuma mtoto kwa fundi wa mawe kuleta pima maji. Ikawekwa juu ya kitambaa. Kiputo kikakimbilia juu, mbali na upande wa choo. Watu wakapiga makofi, kinyozi akapeana mikono na kila mtu. Seremala wangu, ambaye biashara haimpiti, akatoa mfukoni mabaki ya ule mti wa transfoma, akakata vipande vinne, akavisukuma chini ya miguu ya meza ya upande wa choo, akamdai mwenye meza shilingi 200. Kiputo kikaja katikati, kikakaa.

Mpira mweusi ukarudishwa palepale. Kinyozi akapaka chaki, akalenga, akapiga, akakosa.

Aliichukua pima maji mezani, akaigeuza huku na huku chini ya taa, kisha akamvuta fundi wa mawe kando na kumuuliza kwa sauti ya chini aliinunua wapi.